Chuo kikuu kilichokimbia vita: historia ya ULC ya Kisangani

Katika miji yetu ya mashariki vibao vya vyuo vikuu vimekuwa vingi. Pita Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Kisangani: utasoma neno «internationale» juu ya lango la nyumba ya vyumba vinne, ama juu ya depo ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Mzazi anauza mbuzi, mwingine anauza kipande cha shamba, ili mtoto alipe minervali. Halafu vita vinafika, chuo kinafunga milango, wenye chuo hawapatikani tena kwa simu, na mtoto anabaki na kadi ya mwanafunzi ambayo katika mji mwingine hakuna anayeitambua.

Ndiyo maana leo, ndugu wasomaji na wasikilizaji, tunarudi nyuma miaka zaidi ya 60. Kuna chuo kikuu kilichojengwa na watu wa mataifa mengi katika mji ambao wakati huo uliitwa Stanleyville. Kilikuwa bado kichanga vita vilipokifukuza. Kiliishi karibu miaka mitatu kama mkimbizi katika mji wa wengine, halafu kikarudi nyumbani. Familia zilizohama kutoka Masisi, Rutshuru, Djugu, Irumu au Beni, ambazo watoto wao wameacha masomo katikati, zina haki ya kuijua habari hiyo. Inatusaidia kuelewa ni nini hasa kinachofanya chuo kikuu kiwe cha kimataifa, mbali na maneno ya kibao.

Nchi yenye wasomi wachache

Kwa miaka mingi utawala wa Wabelgiji uliacha shule mikononi mwa wamisionari. Shule za msingi zilikuwa nyingi, lakini mlango wa juu ulibaki umefungwa. Kijana aliyetaka kusoma sana alikuwa na njia moja iliyo wazi: aingie seminari kuu awe padri. Wengine walifunzwa kazi za kusaidia: karani, msaidizi wa daktari, msaidizi wa bwana shamba. Huko Kisantu, upande wa magharibi, Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilianzisha mwaka 1926 taasisi iliyoitwa FOMULAC, iliyofunza wauguzi na wasaidizi wa madaktari. Daktari mwenyewe alibaki kuwa Mzungu.

Mlango ulifunguka mwaka 1954. Wakatoliki wa Louvain walifungua chuo kikuu juu ya kilima karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakakiita Lovanium. Ni jina la Kilatini la mji wao wa Louvain, kwa hiyo hata jina lilitoka Ulaya. Lakini vijana weusi na weupe waliketi katika oditwari moja, na diploma yake ilitakiwa kuwa sawa na ile ya Ubelgiji. Mwaka 1956 Serikali ya kikoloni ikafungua chuo kikuu cha pili Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Hicho hakikuwa cha dini, nacho kiliwekwa kwa ajili ya Congo pamoja na Ruanda-Urundi.

Mwaka 1959 Lovanium ilipata kinu cha utafiti wa nyuklia, cha kwanza katika Afrika yote. Hapo ndipo unaona kasoro ya mambo. Nchi ilikuwa na kinu cha nyuklia, lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, ukiacha mapadri, raia wake waliomaliza chuo kikuu hawakuzidi 30 hivi. Hao ndio walitegemewa na taifa la watu zaidi ya milioni 13.

Siku chache baada ya uhuru jeshi liliasi. Mahakimu, madaktari na walimu wa Kibelgiji walikimbia kwa maelfu. Umoja wa Mataifa na shirika lake la UNESCO walianza kutafuta walimu wanaosema Kifaransa popote duniani. Wengi walitoka Haiti, nchi ya watu weusi iliyo ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo wazee wetu wengi waliosoma sekondari miaka ile walifundishwa hesabu na historia na mwalimu Mhaiti. Elimu ya Congo huru ilianza ikiwa na uso wa kimataifa kwa sababu ya shida. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo.

Kwa nini Stanleyville

Tazama ramani ya wakati ule. Chuo kikuu kimoja kilikuwa magharibi, kingine kusini. Na kile cha kusini kilikuwa Katanga, jimbo lililojitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Mtoto wa Kivu, wa Ituri, wa Uele au wa Maniema hakuwa na chuo kikuu karibu. Alipaswa kushuka mto siku nyingi, ama kupanda ndege ambayo baba yake hakuweza kuilipia.

Stanleyville ulikuwa mji mkuu wa eneo hilo lote. Meli za kutoka Léopoldville zilimaliza safari yake hapo, kilomita karibu 1.700, kwa kuwa maporomoko ya Wagenia yanazuia chombo kuendelea. Umbali wa kilomita 100 hivi, kwa kufuata mto kuelekea chini, kulikuwa na Yangambi, kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Mji huo ulikuwa pia wa Patrice Lumumba, aliyefanya kazi hapo katika ofisi ya posta kabla ya kuingia siasa. Alipokamatwa mwishoni mwa mwaka 1960, wafuasi wake chini ya Antoine Gizenga waliweka serikali yao hapo hapo. Kwa hiyo, mbele ya wakubwa wa Léopoldville, Stanleyville ulikuwa mji wenye jina la uasi. Kuleta chuo kikuu huko kulikuwa sawa na kusema kwamba mashariki nako ni Congo.

Walioleta chuo hicho ni Waprotestanti. Nao walikuwa na sababu yao. Wakati wa ukoloni, misheni za Kikatoliki za Kibelgiji zilihesabiwa kuwa misheni za kitaifa, zikapata fedha za Serikali kwa shule zao. Misheni za Kiprotestanti zilitoka Uingereza, Marekani, Uswidi, Norwe na kwingineko, zikahesabiwa kuwa za kigeni. Shule zao zilianza kupata msaada wa Serikali mwishoni mwa miaka ya 1940 tu. Karibu na Stanleyville walikuwa na historia ndefu: Wabaptisti wa Uingereza walikaa Yakusu tangu miaka ya 1890, na kuanzia mwaka 1920 daktari Clement Chesterman alijenga hapo hospitali iliyopigana na ugonjwa wa malale. Walikuwa na zahanati, shule na makanisa. Lakini mtoto wao akimaliza sekondari, ilibidi abishe hodi kwa wengine.

Basi mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti ya Congo yaliungana na kufungua chuo kikuu cha tatu cha nchi. Walikiita Chuo Kikuu Huru cha Congo, kwa Kifaransa Université Libre du Congo, na watu wakafupisha: ULC. Neno «huru» hapo lina maana ya pekee. Kwa desturi ya Kifaransa, shule «huru» ni ile isiyomilikiwa na Serikali. Kwa Mkongomani wa mwaka 1963, miaka mitatu baada ya uhuru, neno hilo lilisikika pia kwa namna nyingine, tena tamu.

Haikuwa Congo peke yake iliyojenga. Mwaka huo huo wa 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kile cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika nyumba ya chama cha TANU. Mwaka 1963 pia Rwanda ilifungua chuo kikuu chake Butare, kikiongozwa na padri Georges-Henri Lévesque, Mdominiko wa Kanada. Bujumbura ilifuata mwaka 1964. Katika eneo letu lote, nchi changa zilikuwa zinaomba walimu kwa wageni huku zikijaribu kubaki na usukani mikononi mwao.

ULC ilifanya vivyo hivyo. Walimu wengi walitoka katika makanisa ya Amerika na Ulaya, lakini lugha ya masomo ilikuwa Kifaransa. Ilikuwa kawaida kwa mmisionari Mwamerika aliyekuja Congo kupitia Brussels kwanza ili ajifunze lugha hiyo. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi walikutana katika lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao. Mwanafunzi nyumbani alisema Kiswahili, Lingala, Kilokele au Kinande, na mwalimu Kiingereza. Huo ni ukimataifa wa kazi, wenye jasho.

Udhaifu nao ulikuwepo. Fedha nyingi na mishahara mingi vilitoka nje. Nguo ya kuazima haisitiri, wazee wanasema. Chuo kilicholelewa na fedha za mbali kinahitaji wenyeji wakilinde, na wenyeji wa Stanleyville walikuwa wakielekea kwenye moto.

Miezi michache tu

Masomo yalianza mwishoni mwa mwaka 1963. Tarehe 5 Agosti 1964 waasi wa Simba waliingia Stanleyville. Chuo kilikuwa hakijatimiza mwaka.

Uasi ule ulikuwa na sababu ambazo watu wa kawaida walizielewa. Uhuru ulikuwa umeahidi mengi, lakini wanakijiji waliona wakubwa wapya wakipanda magari ya wakubwa wa zamani. Wengi walisema wanataka uhuru wa pili. Lakini mkono wa uasi uliwaangukia watu wa kalamu. Makarani, walimu, wafanyakazi wa Serikali, watu waliovaa tai: wengi waliuawa, wengine hadharani mbele ya sanamu ya Lumumba, kwa shtaka kwamba walikuwa upande wa Léopoldville au wa Wamarekani. Katika mji kama huo, mwanafunzi wa chuo kikuu cha wamisionari hakuwa na haja ya kufanya kosa lolote ili awe hatarini.

Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, waliobebwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville kuwaokoa mateka wa kigeni. Wageni wengi waliokolewa, wengine waliuawa siku ile ile, mmoja wao Paul Carlson, daktari mmisionari wa Marekani. Wakongomani waliokufa, kabla ya siku hiyo na baada yake, mikononi mwa waasi na mikononi mwa jeshi na mamluki, walikuwa wengi kuliko wageni mara nyingi, na majina yao hayakuandikwa magazetini. Wiki moja baadaye, huko Isiro, aliuawa sista Anuarite Nengapeta, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 1985. Wakatoliki na Waprotestanti walizika watu wao majira yale yale.

Hapo ULC ingeweza kufa. Mji ulikuwa umevunjika, walimu wa kigeni wametoka, wanafunzi wametawanyika. Chuo cha miezi michache, kisicho na mali nyingi wala wahitimu hata mmoja. Nani angekililia?

Wageni katika nyumba ya Wakatoliki

Chuo kilihamia Léopoldville. Na waliokipokea ni Lovanium, chuo cha Wakatoliki, juu ya kilima chao.

Tusipite hapo haraka. Leo ni kawaida kuona padri na mchungaji wameketi meza moja katika mkutano wa amani. Mwaka 1964 haikuwa hivyo. Kwa vizazi viwili misheni hizo zilikuwa zimegombania vijiji, shule, hata majina ya watoto. Katoliki hakuoa Mprotestanti bila vita vya ukoo. Huko Roma ndiyo kwanza Mtaguso wa Vatikano ulikuwa umepitisha hati juu ya umoja wa Wakristo, tarehe 21 Novemba 1964, siku tatu kabla ya ndege kushuka Stanleyville. Karatasi ya Roma ilisema Wakristo wanaotengana ni ndugu. Juu ya kilima cha Kinshasa neno hilo lilipata mwili: ndugu walikuwa mlangoni na mizigo yao.

Kumkaribisha mgeni mmoja kunahitaji mkeka na sahani ya ziada. Kukaribisha chuo kikuu kizima ni jambo jingine. Inabidi kugawana saa za oditwari, nafasi maktabani, vyumba vya kulala, chakula. Mgeni wa namna hiyo hakai siku tatu akapewa jembe. ULC ilikaa hadi mwaka 1967.

Na tuangalie kile ambacho Lovanium haikufanya. Haikuwaambia wageni: ingieni kwetu, muwe wanafunzi wetu, jina lenu liishe. ULC ilibaki ULC. Ilikuwa na viongozi wake, wanafunzi wake, jina lake, na nia yake ya kurudi mashariki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini rafiki wa kweli anakusaidia ubaki wewe. Mkimbizi yeyote anayeishi kwa jamaa anaelewa tofauti hiyo. Kuna nyumba inakupa kitanda na kukunyima neno, na kuna nyumba ambamo unaweza kusema: sisi tunatoka mahali fulani, na tutarudi.

Hapo ndipo tunaona ukimataifa wa ULC ulikuwa nini. Majengo ya Stanleyville hayakuweza kuhama. Kilichohama ni watu, jina, na urafiki. Makanisa ya nje hayakusema kwamba mradi umekufa. Chuo jirani, cha dini nyingine, chenye mizizi Ubelgiji, kilitambua kwamba wale vijana ni wanafunzi wa chuo kikuu kama wake. Hilo ndilo jaribio lenyewe. Wakati wa sherehe ya ufunguzi kila chuo kina marafiki wa kimataifa. Wakati wa kukimbia ndipo wanahesabika.

Kilitoka Stanleyville, kikarudi Kisangani

Mji ulichukua muda kupona. Mwaka 1966 majina yalibadilishwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani. Lakini jina jipya halikuleta amani siku hiyo. Mwezi Julai 1966 askari wa zamani wa Katanga waliasi mjini Kisangani. Mwezi Julai 1967 wakaasi mamluki wa kizungu wa Jean Schramme na Bob Denard. Schramme na watu wake wakaelekea Bukavu, wakaikalia hadi mwanzoni mwa Novemba. Wazee wa Bukavu hawajasahau.

Ni katika mwaka huo huo wa 1967 ndipo ULC ilirudi mashariki. Kilikuwa kimetoka Stanleyville, kikarudi Kisangani, mji wenye majeraha matatu katika miaka mitatu. Kurudi kulikuwa uamuzi mgumu. Kinshasa kulikuwa na umeme, wizara, balozi, na usalama zaidi. Ni rahisi kwa chuo kilichokimbilia mji mkuu kusema: tubaki huku, mashariki watatufuata. Vyuo, mashirika na hata viongozi wengi wamefanya hivyo katika nchi hii. ULC ilirudi kwa sababu ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watoto wa mashariki.

Kukaribishwa si kunyang'anywa

Kilichokuja kubadilisha chuo kabisa ni mkono wa Serikali. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa kudai hali bora na fedha za masomo. Jeshi likawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwaka 1971, wenzao walipokumbuka siku hiyo, utawala wa Mobutu ulifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti 1971 vyuo vikuu vyote vitatu, cha Wakatoliki, cha Serikali na cha Waprotestanti, viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, kilichojulikana kwa jina la UNAZA. Kiongozi wake mkuu, rekta, alikuwa Monsinyori Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa tayari Mkongomani wa kwanza kuiongoza Lovanium.

Fakulte ziligawanywa kama mali ya urithi. Utabibu na sheria zilikusanywa Kinshasa. Barua na sayansi za jamii zilipelekwa Lubumbashi. Kisangani ilipewa hasa saikolojia na elimu, na baadaye masomo ya kilimo yakawekwa Yangambi. Theolojia ziliondolewa katika chuo cha Serikali. Ile ya Kiprotestanti iliendelea peke yake Kinshasa, na kutokana nayo kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Congo katika miaka ya 1990.

Tuseme haki: mpango huo ulikuwa na faida zake. Kijana wa Bukavu alisoma Lubumbashi pamoja na kijana wa Mbandaka, na wakajuana. Walimu Wakongomani walipanda haraka. Mgawanyiko wa dini ukapungua. Lakini linganisha na mwaka 1964. Mara ya kwanza Waprotestanti na Wakatoliki waliishi pamoja kwa sababu mmoja alifungua mlango. Mara ya pili waliwekwa pamoja kwa amri, na funguo zikaenda mfukoni mwa mtu mmoja. Mwanafunzi wa mwaka 1964 alikimbia waasi akapokelewa chuoni. Mwanafunzi wa mwaka 1971 alitolewa chuoni akapelekwa kambini.

Na ukimataifa ukapungua. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, fedha zikaisha, walimu wa nje wakaondoka mmoja mmoja, vitabu vikaacha kufika. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, na Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikawa tena vyuo vitatu. ULC ya zamani ndiyo tunayoiita leo UNIKIS.

Wajukuu wako kwetu

Familia nyingi za Goma na Bukavu hazijui kwamba zina undugu na chuo kile kilichokimbia. Katika miaka ya 1990 UNIKIS ilifungua matawi Goma na Bukavu. Matawi hayo yamekua yakawa Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Mtu aliyepata diploma UNIGOM ni mjukuu wa chuo kilichokaribishwa juu ya kilima cha Lovanium.

Waprotestanti nao walijenga tena. Mwaka 1985 walianzisha Goma chuo walichokiita Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL. Neno «huru» lilirudi, na safari hii ukimataifa ulitazama majirani: Congo, Rwanda na Burundi, nchi zilizokuwa na jumuiya yao wakati huo. Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi ilivyo vigumu kuwa chuo cha majirani wakati majirani wanapigana. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu mwezi Februari. Kwa mara nyingine mwanafunzi wa mashariki anauliza kama mwaka wake wa masomo utahesabiwa, na wapi.

Mzazi aulize nini

Historia ya ULC inatupa maswali ambayo mzazi anaweza kuyapeleka mlangoni mwa chuo chochote chenye neno «internationale» kabla ya kutoa franga moja.

La kwanza: vyuo gani vingine vinatambua masomo ya hapa? Omba majina, halafu uliza vyuo hivyo vyenyewe. Ofisi ya wizara ya elimu ya juu ina orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa, na mara kwa mara hutangaza vile visivyotimiza masharti. Chuo kisichojulikana na jirani yake wa barabara ya pili hakiwezi kujulikana Ulaya.

La pili: vita vikifika, mwanafunzi ataendelea wapi? Chuo chenye marafiki wa kweli kina makubaliano na chuo cha mji mwingine, ili mwanafunzi apokelewe na pointi zake. Chuo kisicho na jibu kwa swali hilo, katika mashariki hii, kinauza matumaini ya msimu mmoja.

La tatu: kinajengwa kwa ajili ya nani? Walimu wa kigeni na mgeni mwenye suti kwenye picha hawatoshi. ULC ilistahili jina lake kwa sababu, baada ya kuonja usalama wa Kinshasa, ilirudi kwa watoto iliowaahidi.

Kwa nyinyi vijana mlioacha masomo njiani: Diploma ya Serikali, ile tunayoita D6, kadi ya mwanafunzi na releve ya pointi ni mali kuliko godoro. Zipigeni picha, zitumeni kwenye simu ya ndugu aliye mji wa mbali, acheni nakala parokiani au kwa mchungaji. Mkifika mji mpya, nendeni mkaulize chuo cha huko hata kama hamna fedha bado, waandike majina yenu, wajue mpo. Na kwa wakubwa wa vyuo vilivyo katika miji yenye utulivu, Kisangani, Lubumbashi, Kinshasa: oditwari zenu zina vijana wa Masisi, wa Rutshuru na wa Djugu wanaosubiri nje ya mlango. Mwaka 1964 Lovanium haikuuliza kwanza wageni wanasali vipi wala watakaa muda gani. Ilianza kwa kusogeza viti.